Mama mkwe ananifuatilia kwenye ramani, na mizigo ya Bunju inanila mafuta

Anti, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nane, nakaa Tabata Kimanga na mke wangu na mtoto mmoja. Naendesha boda ya mkataba. Zamani nilikuwa napakia abiria, kijiwe changu kilikuwa Buguruni, ila tangu mwaka jana nasambaza mizigo ya duka moja la Kariakoo, Mtaa wa Kongo, linalouza viatu na mikoba mtandaoni. Mwenye duka ni mama mdogo wa mke wangu. Ndiye aliyemlea tangu akiwa shule ya msingi, mahari nilipeleka kwake, kwa hiyo kwangu ni mama mkwe hasa. Kazi hii alinipa yeye wakati hesabu ya boda imenilemea, na fadhila hiyo siisahau.

Kazi iko hivi. Oda zinaingia usiku, asubuhi nafika dukani nakuta mizigo imeshafungwa, kumi na kitu, mwisho wa mwezi inazidi hapo. Kila mzigo ukimfikia mteja nalipwa 3,000. Usipofika silipwi, hata kama nimekwenda mpaka getini nikaambiwa mwenyewe katoka. Mteja analipia usafiri 5,000 popote alipo, ndivyo mama alivyotangaza: "Dar nzima 5,000 tu, unalipa mzigo ukiushika." Mafuta, bando, vocha na pancha ni juu yangu.

Mwanzoni ilikuwa inalipa. Wateja walikuwa wa Sinza, Kinondoni, Mwananyamala, Temeke, alasiri nimeshamaliza. Siku hizi sijui kumetokea nini. Mfuko umejaa Bunju, Chanika, Kibamba, Kongowe, na Kigamboni ya ndani kule Kibada. Wa Sinza wamepungua kabisa.

Sasa hivi karibuni mama kawekewa na kijana wake programu ya kupanga njia. Anaingiza maeneo, inatoa mpangilio, wa kwanza huyu, wa pili yule. Kaniambia nifuate hivyo hivyo, na simu yangu nimewasha lokesheni siku nzima, yeye ananiangalia akiwa dukani. Nikikunja tofauti tu, simu inaita. "Baba Aisha, mbona uko Ubungo? Si ulitakiwa uwe Mikocheni?" Nikimweleza sababu ananyamaza, halafu jioni mke wangu ananiuliza kwa nini nimemjibu mama vibaya.

Hiyo programu inanimaliza, Anti. Juzi ilinipa Kivukoni, halafu Kigamboni Feri, halafu Posta. Kwenye ramani ni pua na mdomo, lakini hapo katikati kuna maji! Nimekaa foleni ya pantoni kwenda, nikakaa tena kurudi. Siku nyingine mteja kaandika "Mbezi" tu, ikanipeleka Mbezi Beach, kumbe mwenyewe yuko Mbezi ya Kimara. Wakati wa masika ilinielekeza Jangwani siku ambayo hata mtoto mdogo alijua barabara imefungwa kwa maji.

Na wateja nao. Mmoja anasema "natoka sasa hivi", unakaa juani nusu saa. Mwingine anajaribu pea tatu barazani, anamwita na jirani aje aone, mwisho anasema havijamkaa. Na mimi nimejifunza kuwaambia "nipo dakika tano" wakati niko mbali, maana nikisema ukweli wanafuta oda na anayekosa ni mimi.

Jioni nikitoa mafuta, elfu kumi mpaka kumi na tatu, nikatoa elfu nane ya mwenye boda, chakula na bando, kinachobaki hakifikii nilichokuwa napata kwa abiria. Na nyumbani naingia saa nne usiku.

Nataka kuacha. Mke wangu anasema nikiacha nitakuwa nimemtukana mama yake. Wenzangu wa kijiweni wanasema nitulie, niwe nadaka abiria katikati ya mizunguko bila mama kujua. Nishauri Anti. Niache, nivumilie, au nifanye hilo la kijiweni? Na hii programu nifanyeje mpaka aiache?

Mkwe wa Watu, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa jua.

La kijiweni tulimalize haraka. Lokesheni yako iko wazi mchana kutwa, mama atakuona umeingia Mabibo hali hakuna mzigo wa Mabibo, na siku hiyo utakuwa umempa sababu ya kutokuamini maisha yako yote. Halafu abiria anakaa wapi, juu ya mikoba ya watu? Wenzako wanakushauri kwa kuwa mkwe si wao.

Sasa twende kwenye barua. Umeandika maneno ukayapita mbio: "sijui kumetokea nini." Mimi naona hapo ndipo penye ugonjwa wote, na programu unaionea bure.

Mweke mteja wa Kinondoni mbele ya tangazo la "Dar nzima 5,000". Anapiga hesabu: daladala mpaka Kariakoo kwenda na kurudi haifiki hata nusu ya hiyo, na akifika atachagua mwenyewe, atapunguziwa bei, atanunua na vitu vingine. Anaghairi. Mweke wa Bunju mbele ya tangazo hilo hilo. Yeye anajua boda kutoka Kariakoo mpaka mlangoni kwake haiwezi kuwa elfu tano hata siku moja. Anaagiza leo, anawaambia na mashoga zake. Kwa hiyo bei moja inawafukuza wa karibu na kuwaita wa mbali, taratibu, bila mtu yeyote kukosea. Mama anaona oda zinaongezeka, anafurahi. Wewe unaona kilomita zinaongezeka. Na hao wa Sinza waliokuwa wanakulipia mafuta ya mzunguko mzima hawapo tena.

Simlaumu mama. Bei moja ni rahisi kuitangaza na rahisi kuikumbuka, nusu ya Kariakoo inauza hivyo. Lakini mwenye kulipa tofauti ni wewe peke yako, kwa sababu 3,000 yako nayo ni moja, iwe Ilala iwe Bunju.

Tupige hesabu ya mzigo mmoja. Kariakoo mpaka Bunju ni zaidi ya kilomita thelathini. Boda kama yako, ikiwa haijachoka, inakwenda kilomita arobaini na ushei kwa lita. Kwenda na kurudi ni lita moja na nusu au zaidi. Chukua bei kikomo ya petroli ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, zidisha. Mzigo huo ukienda peke yake unakula 3,000 yako yote na kudai chenji. Ila ukienda na wenzake wa Mwenge, Mbezi Beach na Tegeta, gharama yake ni kile kipande cha Tegeta mpaka Bunju tu, kwa sababu mpaka Tegeta ungekwenda hata hivyo. Hili uliweke kichwani kabla hujaongea na mama, maana ndilo litakalobeba mazungumzo yenu: mzigo unakuwa ghali au rahisi kutegemea umepakiwa na nani.

Ukilishika hilo, suala la mpangilio nalo linajieleza.

Usimwombe mama aiache programu. Vituo kumi tu vinaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na hakuna dereva wala mama mkwe anayeweza kuzipitia kichwani. Kwa hilo mashine inatushinda wote. Inachoshindwa ni kujua wanachojua watu wa Dar: pantoni ina foleni, Msimbazi ukijaa Jangwani hapapitiki, Mbezi ziko mbili. Mnailisha majina ya maeneo matupu, mnaipa mji mzima kwa mkupuo, halafu mnagombana na majibu yake. Na kama mnatumia ramani ya Google ya kawaida, elewa kwamba hiyo inapokea vituo tisa baada ya pa kuanzia na inavifuata kama ulivyoviandika. Kupanga haikupangii.

Gawa mizigo kwanza kwa barabara, ndipo programu ipange ndani ya kila fungu. Mji huu umekaa kama kipepeo cha mkono, na Kariakoo iko pale kwenye mpini: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa zote zinatokea huko na kuachana kadiri unavyotoka nje. Dereva anayerudi mjini kila akimaliza barabara moja anapita mpini ule ule mara nne kwa siku, na pale ndipo foleni inapolala. Siku hizi kuna lami za pembeni zinazounganisha ncha za nje, zitumie. Toka na Morogoro: Magomeni, Ubungo, Kimara, Mbezi mwisho. Hapo usigeuke. Kata kwenda Goba, toka Tangi Bovu kama una watu wa Mbezi Beach, au pita Madale ukaibukie Wazo kama una wa Tegeta na Bunju, halafu rudi na Bagamoyo ukishusha Kawe, Mwenge, Sinza. Ni duara moja na hujakanyaga barabara moja mara mbili. Upande wa pili vilevile. Kilwa mpaka Mbagala na Kongowe, unakata ndani kwenda Kibada na Mjimwema, unashuka Feri, unavuka na pantoni mara moja tu, ukielekea mjini. Wa Gongo la Mboto na Kibamba wakikuangukia siku moja, iko njia ya Majumba Sita, Segerea, Kinyerezi na Malambamawili inayokutoa Mbezi bila kuiona Ubungo.

Na toka mapema. Asubuhi mji mzima unaingia, wewe unatoka, barabara ni yako. Jioni ni kinyume chake.

Kuna jambo la upande wa barabara ambalo madereva wengi wa mizigo hawalitilii maanani. Kampuni ya UPS ya Marekani huwapangia madereva wake njia zinazokwepa kukunja kushoto, kwa sababu kwao wanaendesha kulia na kukunja kushoto ni kusubiri magari ya mbele yapite. Kwetu ni kukunja kulia. Kwenye Barabara ya Morogoro ndiyo kabisa, katikati kuna njia ya mwendokasi, kuvuka ni mpaka ufike kwenye taa. Basi wa mkono wa kushoto washushie ukiwa unakwenda. Wa upande wa pili, kama unarudi na barabara hiyo hiyo, wasubiri uwe unarudi. Na usije ukajaribiwa kuingia kwenye njia ya mwendokasi kisa umechelewa. Basi likikukuta mle halina pa kukukwepea, na trafiki akikukuta utaacha mapato ya siku mkononi mwake.

Ukitaka kuikagua programu bila kubishana nayo, angalia mstari inaouchora. Mstari ukijikata wenyewe mahali popote, kama herufi X, basi karibu kila mara kuna namna fupi zaidi: badilisha vituo viwili vya hapo mpaka ufunguke. Hata mama ataliona hilo kwa macho, bila maelezo. Halafu muulize huyo kijana wake kama inaruhusu kuweka pa kumalizia. Nyingi zinaruhusu. Iandikwe Tabata, usimalizie Kariakoo. Mizigo iliyorudi utaipeleka kesho asubuhi unapokwenda kuchukua mipya, kwa nini urudi nayo usiku?

Mfuko nao upange. Nilishawahi kufanya kazi na watu wa kusambaza magazeti, na nakumbuka mpakiaji mmoja aliyekuwa akimkemea kila anayegusa gari lake: marobota ya Kibaha yanatangulia ndani kabisa, ya Ubungo yanawekwa mwisho, mlangoni. Wewe fanya hivyo hivyo. Chukua kalamu ya wino mzito, kila mzigo uandike namba ya kituo, kubwa, juu na ubavuni, pamoja na namba nne za mwisho za simu ya mteja. Namba kubwa inakaa chini, namba moja inakaa juu. Ukifika Kimara unafungua zipu, unachukua wa juu, unafunga. Anayepekua mfuko mzima barabarani akitafuta sanduku la viatu kati ya masanduku yanayofanana, mikoba imewekwa juu ya tenki na mvua inaanza, anapoteza muda ambao hakuna ramani itakayomrudishia. Na siku moja atampa mama wa Goba viatu vya mtu wa Salasala.

Nije kwa wateja. Nusu ya safari zako za bure zinazaliwa kabla hujawasha pikipiki. Kabla ya kutoka dukani, kila mteja apigiwe au aandikiwe ujumbe, na hii iwe kazi ya duka kwa sababu oda ni yao: leo upo? Utakuwa wapi kati ya saa fulani na fulani? Asiyejibu mzigo wake haupandi pikipiki siku hiyo. Lokesheni itumwe kwenye WhatsApp, lakini aulizwe kama hapo alipotuma ndipo atakapopokelea. Watu wanatuma lokesheni wakiwa ndani ya daladala, au wako kazini Posta na mzigo wanautaka nyumbani Kinyerezi. Na majina yanayofanana yasipite bila alama: Mbezi ipi? Sinza ya wapi, Mori au Makaburini? Nyumba nyingi zilipata namba na mitaa ikapata vibao kwenye ile kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Watu wengi hawajui hata kibao kiko ukutani kwao, ila ukiwauliza "kwenye nyumba kuna kibao cha namba?" wanatoka nje wanakisoma.

Hilo la "nipo dakika tano" liache. Nimelielewa, na bado nakwambia liache. Mteja aliyedanganywa dakika tano akakaa saa nzima ndiye huyo anayejaribu pea tatu kwa hasira na kuzikataa zote, na akitoka hapo anamwandikia mama maneno machafu mtandaoni mbele ya watu wote. Mama anapokupigia simu kwa ukali, mara nyingi ametoka kutukanwa. Mpe mteja saa pana, "kati ya saa sita na saa nane", na ukiwa kituo kimoja kabla yake mtumie neno moja: "unayefuata ni wewe." Hapo atakuwa amevaa kandambili anakusubiri getini.

Sasa kuongea na mama mkwe, maana hapa ndipo unapoogopa.

Mke wako usimtume. Ukimtuma, habari ya biashara itafika kwa mama kama habari ya ndoa. Mwambie tu nyumbani kwamba unakwenda kuongea, na utaongea kwa heshima. Nenda dukani, siku ambayo si ya mwisho wa mwezi, asubuhi kabla wateja hawajajaa. Uende na daftari. Andika kwa wiki mbili tatu kila mzigo: eneo, umefika au umerudi na kwa sababu gani, umesubiri kiasi gani, kilomita za siku na mafuta ya siku. Usiandike malalamiko humo. Kisha useme kitu kama hiki:

"Mama, nimekuja na daftari nikuoneshe mizigo inavyokwenda. Hii ya nyekundu ni iliyorudi, mingi wateja hawakuwa wamepigiwa. Hii ni ya Bunju na Chanika, angalia ilivyoongezeka tangu tuweke bei moja. Naomba tuangalie bei pamoja, ili wateja wa karibu warudi."

Umeona hakuna mahali umesema "unaninyonya"? Unazungumzia wateja wake wa Sinza waliopotea, na hilo litamuuma kuliko mafuta yako.

Ukipata masikio yake, pendekeza bei ya mafungu. Kwa mfano, ndani ya Mandela na Sam Nujoma mteja alipe 3,000. Kutoka hapo mpaka Mbezi, Tegeta, Gongo la Mboto na Mbagala alipe 5,000 kama sasa. Kupita hapo alipe 8,000, au asubiri siku ya eneo lake. Siku ya eneo ndiyo naipenda kuliko vyote: Bunju Jumanne na Ijumaa, Kigamboni Jumatano na Jumamosi, na anayekubali kusubiri abaki na 5,000 yake. Wengi watasubiri, viatu haviozi. Wewe utakwenda Bunju na mizigo mitano badala ya mmoja. Malipo yako nayo yafuate mafungu hayo, na safari iliyokwama kwa kosa la mteja ulipwe nusu, ikiwezekana mteja atangulize nauli kwa lipa namba ya duka kabla mzigo haujatoka. Mzigo wenyewe ataulipia akiushika, hiyo ni ahadi ya mama, msiivunje. Ila malipo hayo nayo yakipita kwenye lipa namba, hutatembea usiku na mamia ya elfu za watu mfukoni. Na kusubiri kuwe na mpaka, dakika kumi, iandikwe kwenye tangazo ili asionekane mbaya dereva.

Lakini nawe uwe na cha kutoa, usiende na mikono ya kupokea tu. Mwambie mizigo miwili ya nyumba moja, au mtaa mmoja, wa pili utaushusha kwa 1,000. Kwako haukugharimu kitu, na kwake ni punguzo la kweli. Na kila mzigo ukifika mtumie picha. Mtu anayepata picha kumi za mizigo iliyofika haangalii sana kidoti kinatembea wapi kwenye ramani. Lokesheni usiombe kuizima kwa sasa. Omba kitu kimoja: asubuhi yeye aseme nani wa haraka na nani ana saa maalumu, wewe upange nani anaanza, mkubaliane hapo hapo mezani, na baada ya hapo simu zisubiri mpaka uwe umesimama. Mwambie wazi kwamba kupokea simu ukiwa unaendesha ni hatari. Hakuna mama mkwe anayetaka mjukuu wake abaki yatima kwa ajili ya sendo za Mtaa wa Kongo.

Kuhusu kuacha: bado. Mpe miezi miwili kuanzia siku mtakayokaa na daftari. Bei ikibadilika hata nusu ya niliyosema, nadhani utarudi kumaliza alasiri kama zamani. Akikataa kila kitu, na anaweza, kwa kuwa duka ni lake, basi muage. Mwambie wewe mwenyewe, mke wako akiwepo, kwamba unamshukuru kwa alivyokushika mkono ila mkataba wa boda unakudai, na utabaki naye mpaka apate dereva mwingine. Huyo mpya mwoneshe njia ya Goba, na daftari mwachie.